Kiziwa cha Samaki: Tazama Maji Kwanza

Katika miji yetu ya migodi wengi wamechimba kiziwa nyuma ya nyumba, juu watoto wapate samaki. Kazi nzuri! Lakini mara nyingi samaki wa lupango hawauawi na njaa, wanauawa na chakula kingi.

Asubuhi, mbele ya kutupa pumba, simama kidogo utazame. Tilapia wakielea juu na kufungua kinywa, ujue hewa ndani ya maji imepunguka. Pumba na bukari vilivyobaki vinaoza kule chini na kumaliza hewa ile. Siku hiyo usitupe chakula wala mavi ya kuku. Ingiza maji mapya pole pole.

Maji ya kijani si uchafu, ni chakula cha tilapia. Ingiza mkono mpaka kiwiko. Vidole vikipotea mbele ya kiwiko kufika, mbolea imezidi. Kama bado unaviona wazi, ongeza kidogo.

Kata majani ya pembeni, mbu wasizalie pale.

Na hili tunawaomba sana: msioshe mifuko ya mawe ya shaba karibu na kiziwa, wala msiingize maji yanayotoka migodini. Hata shaba kidogo iliyoyeyuka inaua samaki. Maji mliyolowekea mihogo ni sumu vilevile. Upande wa juu chimbeni mfereji, maji ya mvua yanayopita njiani yaende mbali.

Basi kesho asubuhi: maji kwanza, chakula nyuma.