Mpaka Usioandikwa Ndio Unaoua Kijijini

Ukimuuliza mwanakijiji wa Mbozi, Momba au Ileje anaogopa nini giza likiingia, atakutajia mwizi, kisha atapunguza sauti na kukutajia mchawi. Hatataja tuta la mpaka lililosogezwa hatua tano msimu uliopita. Hatataja maneno ya marehemu baba aliyegawa mashamba kwa mdomo, akiwa kitandani, mbele ya watoto wawili kati ya sita. Nami nawaambia, ndugu zangu wa Songwe, hofu yetu tumeielekeza pasipostahili. Kesi nyingi tunazoziita za uchawi ni kesi za ardhi zilizovikwa nguo nyingine, na tusipoziamua zikiwa bado za ardhi, tutaendelea kuzika watu.

Ardhi yetu si ile ya zamani. Mkoa huu ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Vwawa ikawa makao makuu, na majengo yakafuata. Pale Tunduma malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo hujipanga kandokando ya barabara kuu kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa ili mizigo ivuke haraka kati yetu na Nakonde ya Zambia. Mahindi na maharage ya Mlowo yanafuatwa na wafanyabiashara wa mbali. Kahawa ya Mbozi inaendelea kusomesha watoto. Shamba ambalo babu alimwachia shemeji bure kwa sababu lilikuwa pori, leo linaulizwa bei na mtu aliyeshuka kwenye gari. Thamani imepanda, lakini ushahidi umebaki ule ule wa zamani: mti, jiwe, na kumbukumbu ya mzee mmoja ambaye naye hatakaa milele.

Hebu tutazame jambo hili linavyotendeka. Katikati ya mashamba mawili palikuwa na mstari wa mkonge uliopandwa na baba zetu. Asubuhi moja mche mmoja haupo. Shimo limefukiwa vizuri, na juu yake yamepandwa maharage. Mwenye shamba anaona, ananung'unika, hasemi, maana jirani ni ndugu. Mwaka wa pili mikonge mitatu haipo. Sasa anasema, na jirani anamjibu kwamba mpaka ulikuwa hapo hapo tangu enzi. Hakuna karatasi, hakuna ramani, na mzee aliyekuwapo siku ya kugawana amekwisha kufariki. Basi wanaacha kusalimiana. Mtoto wa mmoja anapata homa kali, anafikishwa zahanati amechelewa, anafariki. Huko msibani, kabla matanga hayajaanuliwa, mtu ananong'ona: si unajua walikuwa hawasalimiani? Neno hilo moja linatosha. Ugomvi uliokuwa wa kupimwa kwa kamba umegeuka ugomvi wa kupimwa kwa panga.

Au mtazameni mjane. Mume amefariki na kumwachia ekari mbili za kahawa alizozipalilia yeye mwenyewe tangu alipoolewa. Hajamaliza hata kulia, shemeji wanaanza kumwuliza alimlisha nini ndugu yao. Macho yake mekundu kwa moshi wa kuni yanageuzwa ushahidi. Anatishwa, anarushiwa mawe juu ya bati usiku, mwisho anafunga kifurushi chake na kurudi kwao. Sasa nauliza swali ambalo mkutano wa kijiji ungepaswa kuuliza kabla ya jingine lolote: alipoondoka, kahawa ile ilivunwa na nani?

Sibishani na mtu juu ya anachokiamini moyoni. Ninachobishana nacho ni desturi hii ya kumwita mtu mwingine aje atuamulie. Nawasema lambalamba, wale wanaojidai kufichua wachawi. Kikundi kinafika kijijini, mara nyingi kwa mwaliko wa wenyeji wenyewe. Kila kaya inatozwa mchango, na asiyetoa anahesabiwa ana lake jambo. Watu wanakusanywa uwanjani, kisha wapekuzi wanaingia nyumba kwa nyumba, wanapanda darini, wanachimbua kizingitini, wanatoka na pembe, kichupa na kipande cha kitambaa cheusi. Umati unapiga kelele. Lakini nani aliyempekua mpekuzi mwenyewe kabla hajavuka mlango? Wanapoondoka wamebeba fedha za mbolea na karo, na wametuachia kijiji kilichogawanyika, kwa sababu aliyetajwa hana pa kukata rufaa na familia yake haitasahau.

Viongozi wa serikali wamewapiga marufuku, nasi tumeendelea kuwaita. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928 na ingali inatumika. Kwa mujibu wake, kumtaja mwenzako kuwa mchawi mitaani ni kosa. Na sisi wa upande huu wa nchi tungepaswa kuwa wa kwanza kukataa biashara ya vitisho na hirizi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, majina ya Mbozi na Tunduma yalitajwa nchi nzima kwa mauaji ya kuchuna ngozi za binadamu. Watu wazima wanaikumbuka hofu ile, watoto wakisindikizwa shule na wanaume wakikataa kutembea peke yao jioni. Imani iliyouzwa kwa fedha ndiyo iliyotufikisha pale.

Dawa ya ugomvi wa mpaka ipo, na wala haikutoka mbali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanakijiji haki ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inasema wazi kwamba haki hiyo haipungukiwi hadhi mbele ya hati ya mjini. Sheria hiyo ilipoanza kujaribiwa, Mbozi ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kabisa nchini kufanyiwa majaribio. Yaani Watanzania wengine walikuja kujifunza kwetu! Inakuwaje basi leo, zaidi ya miaka ishirini baadaye, bado kuna vijiji humu humu mkoani ambavyo watu wanaonyeshana mipaka kwa kidole?

Kazi yenyewe haihitaji maajabu. Kijiji kinapata cheti chake cha ardhi na kutenga chumba cha masjala chenye kabati linalofungwa. Siku ya kupima, majirani wa pande zote wanaitwa shambani, wanasimama kila mmoja kwenye kona yake, na anayebisha anabisha pale pale, mchana kweupe, mbele ya watu. Hapo ndipo ninapoona ubora wa jambo hili kuliko hata karatasi yenyewe. Watu wawili ambao hawajasemeshana tangu msimu wa juzi wanalazimika kushika kamba moja. Wakishindwa, lipo baraza la ardhi la kijiji, la watu saba, wanawake wasiopungua watatu, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Hati inasainiwa na mwenye ardhi, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na kusajiliwa wilayani.

Najua wanaosita. Wako wanaosema karatasi italeta kodi, au kwamba benki itachukua shamba. Benki haichukui shamba la mtu ambaye hakukopa, na aliyekopa akapuuza kulipa asiilaumu hati. Wapo pia wazee wanaosema kwa mila zetu mwanamke haandikwi kwenye ardhi. Wazee wangu, nawaheshimu, lakini sheria hiyo hiyo imeibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi. Andikeni majina mawili, la mume na la mke, mkiwa hai na mkiwa mnapendana. Na wosia uandikwe mapema, mbele ya mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo. Mjane mwenye jina lake kwenye hati si rahisi kumfukuza kwa mnong'ono.

Huko bondeni, kuanzia Kamsamba hadi ufukwe wa Ziwa Rukwa, jambo limechanganyika na mifugo iliyohamia kwa wingi, na mkulima akiona kwato kwenye mpunga wake anashika fimbo. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, wenye njia ya ng'ombe na eneo la malisho lililokubaliwa na pande zote, ndio utakaowatenganisha kabla ya fimbo. Sina la kuongeza hapo ila kwamba mfugaji aalikwe mkutanoni kabla ya kupanga.

Turudi kwa mwizi, maana naye yupo. Msimu wa kahawa, ile ya maganda inapokauka kwenye vichanja, wenye mali hulala nje na tochi. Maghala ya mahindi yanatobolewa. Ng'ombe anavushwa mpaka usiku. Hasira ya aliyeibiwa naielewa kabisa. Lakini mwizi anapokamatwa na kuchomwa moto kwa tairi, anakufa na majina ya wenzake, pamoja na jina la mnunuzi aliyempa gari. Mali haitarudi tena. Na mara ngapi aliyeuawa amekuwa mgeni aliyepotea njia, au kijana mwenye ugonjwa wa akili aliyeshindwa kujieleza? Mkamateni, mfungeni, pigeni 112, mkabidhini akiwa hai. Kijiji kinachoua kimejifungia mlango wa kujua kimeibiwaje.

Lindo lipangwe kwa zamu, kaya kwa kaya. Wenzetu wa Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu wizi wa ng'ombe uliwazidi, na serikali ikaja kuwatambua kisheria. Mafanikio yao yalitokana na kila mwanamume kushika zamu. Mabaya yao yalianza walipojifanya mahakama. Huko Java, Indonesia, vijiji hujenga kibanda cha lindo na kutundika gogo la kugongwa, kila nyumba ikitoa mlinzi kwa zamu yake. Sisi tuna filimbi na tuna simu. Kinachotupungukia ni ile zamu yenyewe, maana siku hizi tumewaachia vijana wachache wasiolipwa kitu, kisha tunashangaa wakianza kutoza wapita njia.

Yote haya yana mahali pake pa kuamuliwa, nako ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Unapoitishwa, wanakuja watu arobaini, wengi wao wazee, na vijana wanabaki kijiweni. Ila lambalamba wakija, uwanja unajaa! Mwenyekiti asiyeitisha mkutano aulizwe, na aulizwe hadharani, asome mapato na matumizi, asome na daftari la wageni.

Msimu huu wa mavuno, kabla mvua za Novemba hazijaanza na kila mtu kurudi na jembe kwenye tuta lake, nawaomba mfanye jambo moja. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji mkiwa kundi, wanaume kwa wanawake, mumtake aandike mipaka kuwa ajenda ya kwanza ya mkutano ujao. Fedha ambazo kaya zenu zingewachangia lambalamba, zipelekeni kwenye kabati la masjala. Na yule mama aliyekimbia kahawa yake, mtumieni ujumbe arudi, siku ya kupima asimame kwenye kona yake.