KUULIZA SI KUTUKANA

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengi twalijua lakini wachache hulitamka: afya ya mume na mke, na ya wale watakaokuwa mume na mke kesho.

Mfano nautoa Rongui, kisiwa kidogo karibu na Vamizi, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Visiwa vile ni vya wavuvi. Watu hupiga dago huko, wakavua na kukausha samaki majuma kadha wa kadha, kisha hurudi makwao. Mume akirudi, mkewe humtilia maji ya kuoga na kumwandalia chakula. Humwuliza habari za upepo na bei ya samaki. Swali moja tu hamwulizi: "Bwana, huko ulikokaa ulikuwa na mtu? Twende tukapimwe damu." Akiuliza, huambiwa amemtukana mumewe. Na mume akimwuliza mke, huambiwa hamwamini. Basi wote wawili hunyamaza, na maradhi hupita humo humo.

Mimi nasema kuuliza si kutukana. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Msumbiji mwaka 2021 ulionyesha kuwa watu wazima kama 12 katika kila 100 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Mtu huweza kukaa navyo miaka mingi, naye ana nguvu za kuvuta nyavu. Kaswende nayo hujificha vivyo hivyo, na huweza kumwua mtoto tumboni. Tena kaswende na kisonono hutibika, lakini akitibiwa mmoja peke yake, mwenziwe humrudishia ugonjwa ule ule. Dawa bila mazungumzo ni kutia maji katika pakacha.

Vijana wenzangu watasema, "Sisi tumetoka jandoni, tumekingika." Kweli, majaribio ya Kisumu na Rakai, yaliyosimamishwa mwaka 2006, yalionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi na mwanamke kwa kadiri ya nusu au zaidi. Lakini nusu si yote, na ngao hiyo ni yake, si ya mkewe. Kondomu ingali na kazi.

Wazee nao watasema ni aibu kuyanena haya mbele ya vijana. Nawastahi, lakini nauliza: chuoni hatukufundishwa hedhi na josho la janaba tungali wadogo? Jandoni na unyagoni wari hawafundwi? Mambo haya yamenenwa siku zote. Kasoro ni kwamba mvulana hufundwa peke yake awe mwanamume, na msichana hufundwa peke yake amridhishe mume na anyamaze, wala hapana aliyewafunza kusemezana. Mmoja hajui kukataa, na mwingine hajui kukubali akikataliwa. Na msichana aliyeozwa angali mtoto atapata wapi ujasiri wa kumwuliza mtu mzima? Kwa sababu hiyo naiunga mkono sheria ya Msumbiji namba 19 ya mwaka 2019, inayokataza kumweka kinyumba mtu asiyetimiza miaka 18.

Rai yangu ni hii. Wachumba waende hospitali pamoja kabla ya nikahi. Aliyetoka dago, au safari yoyote ndefu, aende na mkewe. Wala wasiogope jibu. Siku hizi amezaye dawa kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kulala naye; na mama mwenye virusi akitibiwa huweza kuzaa mtoto asiye navyo. Linalotuumiza zaidi ni kutojua.

Nanyi wavulana wa shule, anzeni sasa kuzoea kuzungumza na wasichana kwa adabu, na kukubali "sitaki" bila hasira. Siku mwenzako atakapokuuliza swali lile, usikunje uso. Mwambie, "Twende."

Haya ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na ayaandike, tuyasome.