Mafuta ya mmea ku atelie: tupige hesabu kwanza



Huku kwetu Lualaba mashini za migodi zinakula vipuri kila siku. Vipuri hivyo vinachongwa ku atelie, na chuma kikichongwa kinapata moto sana. Njo maana wanakimwagia mafuta, mengi yakiwa ya petroli.

Siku hizi watafiti, India na China sana sana, wanajaribu mafuta ya mimea: karanga, soya, alizeti, mbarika (ile Wafaransa wanaita ricin). Ndani yake wanachanganya vumbi laini la grafiti au la aluminiumu oksidi, lenye kuitwa nano. Punje moja ya vumbi hilo haionekani kwa macho. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mafuta yanashika chuma vizuri, vumbi linapunguza msuguano na linasaidia kutoa moto. Tena hawamwagi kwa lita: wanapuliza kidogo kidogo, mara nyingi mililita 10 mpaka 100 kwa saa.

Tunaunga mkono kazi hii. Lakini mtu akikuja kuwaambia «limeni karanga nyingi, migodi itanunua mafuta», tunaomba mpige hesabu mbele ya kushika jembe. Mashini moja ikitumia mililita 50 kwa saa, saa 8 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni lita 10 tu. Bidoni moja ya lita 20 inaitosha miezi miwili. Mashini kumi ni bidoni tano kwa mwezi. Soko linaweza kuwepo, lakini ni dogo. Lisituondolee mahindi ya bukari wala mafuta ya chungu.

Kama koperative inataka kujaribu, sisi tunapendelea mbarika. Haigombanii chakula, na inaweza kuota pembeni ya shamba. Mawese yanaganda kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Mafuta ya mbarika ni mazito lakini hayagandi vile. Hata jina Castrol, lililoanza 1909, linatoka ku jina la Kiingereza la mafuta hayo. Muangalie jambo moja tu: mbegu yake ina sumu kali. Watoto wasiichezee, na mashudu yake tusipe mbuzi wala kuku. Tena tusipande mbele mnunuzi hajaandika bei na kiasi. Kuchanganya nano si kazi ya nyumbani. Vumbi lile halifai kuvutwa na pumzi. Sisi tuuze mafuta safi, atelie ichanganye yenyewe.

Sasa jambo linalotusumbua zaidi. Watu watasema mafuta haya ni ya mmea, basi hayana mubaya. Ni kweli yakiwa mapya. Yakisha kupita ku chuma yanabeba unga wa metali: nikeli, kromu, kobalti, kufuatana na chuma kilichochongwa. Yakimwagwa shambani, wadudu wadogo wa udongo watakula mafuta. Metali haiozi, itabaki. Mihogo na sombe vitakuwa vinaota humo mwaka kwa mwaka. Yakienda ku mto Lualaba, yatafika ku ziwa la baraji ya Nzilo, kwenye samaki wetu.

Kwa hiyo mtu akiwapa bidoni ya mafuta yaliyotumika, hata ya bure, msiikubali: si ya kupaka nguzo, si ya kuua mchwa, si ya kuhifadhi mahindi.

Ku mkutano wenu ujao, tunaomba muandike mambo mawili ku kila mkataba wa mafuta: bei na kiasi mbele ya kupanda, na atelie ibaki na uchafu wake mpaka itakapousafisha. Mnunuzi akikataa la pili, tusimuuzie.