Chuma Chakavu Chini ya Gari

Mtu akaaye Qurum, mjini Maskati, ambaye siku za kazi gari lake halipiti ila barabara laini za ukingo wa bahari, aweza kudhani kwamba springi iliyookotwa katika chuma chakavu na kuchomelewa gerejini Wadi Kabir yamtosha. Lakini ifikapo Ijumaa gari lilo hilo, limejaa ahali yake, hupandishwa Jabal Akhdar, ambako askari walio chini ya mlima, karibu na Birkat al-Mouz, hawaruhusu kupita ila gari liendeshwalo kwa magurudumu yote manne.

Hatuwadharau mafundi. Wahunzi wa Afrika Mashariki tangu zamani wamefua mapanga na majembe kwa springi za malori, na kazi yao ni ya sifa. Ila panga likivunjika husimama kilimo cha siku moja, na springi ya gari ikivunjika katika kona ya jabali hupotea roho. Chuma cha springi hupata nguvu kwa kupashwa moto, kuzimwa ghafula katika mafuta, kisha kupashwa tena kwa kiasi maalumu. Moto wa kuchomelea huifisidi tabia hiyo kando ya kiungo, na ufa huanzia pasipoonekana.

Twawasihi wenye gereji waikatae kazi hiyo, hata mteja akiwabembeleza, na wakaguzi wa magari makuukuu, kabla ya kuhuisha mulkia, yaani hati ya usajili wa gari, wamulike kila kiungo cha chini. Naye asiyekuwa na thamani ya kipuri sahihi, na aiakhirishe safari ya jabali mpaka akipate.