Injini ikizima angani, usikimbilie kurudi ulikotoka!

Haya wapenzi wasomaji, wiki hii tunapanda juu kidogo. Kuna sista mmoja wa Sinza kaniandikia, moyo uko mkononi. Mchumba wake ana rafiki mwenye kindege chake binafsi, Cessna 172, injini moja, viti vinne. Jamaa anataka kuwapeleka Mafia wikiendi. Sista anauliza: "Injini moja hiyo ikizima juu ya bahari, si ndiyo kwaheri? Nipande au nisipande?"

Swali zuri, na si la kuchekwa. Mimi si rubani, lakini mambo ya ndege nayafuatilia kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Kwa hiyo sista, kaa chini tuongee.

Kwanza, toa kichwani ile picha ya sinema ambapo injini inazima na ndege inadondoka kama nazi. Hamna kitu kama hicho. Kinachoibeba ndege ni mabawa. Injini kazi yake ni kuivuta tu. Ikizima, Cessna 172 inateleza hewani, na kwa kila futi 1 inayoshuka inasogea mbele futi 9 hivi. Mkiwa futi 3,000 mnaweza kufika kama kilometa 8, yaani toka Posta mpaka unakaribia Ubungo. Muda mlionao ni dakika kama 4. Wimbo mmoja huo, lakini kwa rubani anayejua kazi unatosha.

Jambo la kwanza analofanya ni kuishusha pua ya ndege na kushika mwendo, kwenye kilometa 120 kwa saa hivi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Roho inataka kubaki juu, mkono unavuta pua iinuke, mwendo unakufa, mabawa yanashindwa kubeba. Hapo sasa ndiyo inadondoka kweli.

La pili anachagua pa kutua: shamba, ufukwe, popote palipo wazi, na anatafuta upepo uje usoni. La tatu ndiyo anaigusa injini. Anaangalia kama koki ya mafuta iko sawa, swichi za magneto ziko sawa, kisha anafungulia hewa ya moto kwenye kabureta. Hili la mwisho linashangaza watu. Kabureta inaweza kuganda barafu ndani hata nje kukiwa na joto la nyuzi 20 na zaidi, mradi hewa ina unyevu, maana mafuta yakigeuka mvuke yanapoza sana. Injini inakohoa, inakata, kumbe ni barafu tu!

Redio inakuja baada ya hayo. Anaita "Mayday" mara 3, na kama hana kituo anachoongea nacho anatumia masafa ya 121.5. Karibu na kugusa chini anafunga mafuta, anazima umeme, mikanda inakazwa, milango inalegezwa ili isije ikabana ndege ikipinda.

Sasa, kasheshe kubwa ni injini kuzima mara tu baada ya kuruka. Uwanja uko pale nyuma, unauona kabisa. Roho inasema geuka! Lakini kugeuka kunakula kimo, ndege ikilala upande inahitaji mwendo zaidi ili isidondoke, na huna hivyo vyote. Mafunzo yanasema: ukiwa chini, tua mbele yako.

Muulize Harrison Ford, yule Indiana Jones wa kwenye sinema. Tarehe 5 Machi 2015 aliruka toka Santa Monica, Marekani, na kindege cha mafunzo cha mwaka 1942. Injini ikapoteza nguvu. Akaomba kurudi, akaanza kugeuka, kisha akaona hafiki. Akaacha, akakiteremsha kwenye uwanja wa gofu, akagonga ncha ya mti njiani. Aliumia vibaya, lakini alipona, na nyumba za watu hazikuguswa. Wachunguzi walikuta jeti ya kabureta, kile kidude kinachopima mafuta, imejifungua nyuzi. Wakakuta na mkanda wake wa bega haukufungwa vizuri kwenye kiti, ndiyo maana aliumia zaidi.

Angeng'ang'ania uwanja, leo tungekuwa tunaongea mengine. Wangapi huku chini mapenzi yamezima, biashara imezima, bado wanapinda shingo kurudi walikotoka mpaka wanagonga ukuta?

Sasa jibu lako sista. Kabla hujapanda muulize jamaa maswali manne. Mafuta umeyapima kwa macho kwenye matangi, au umeamini mshale tu? Juu ya maji tutaruka futi ngapi? (Kadiri mnavyokuwa juu ndivyo nchi kavu inavyokuwa karibu.) Maboya tutavaa tangu mwanzo? Na injini ikizima, utafanya nini?

Boya lenyewe usilijaze upepo ukiwa ndani, toka kwanza. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka baharini Comoro, na waliojaza maboya mle ndani walinasa maji yalipoingia.

Jamaa akikujibu taratibu, moja baada ya jingine, panda ukale pweza. Akicheka na kukwambia "We sista mwoga, twende bwana," mwambie mchumba wako mtapanda boti. Akinuna, anune. Nyie mko hai.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.