Mpaka usio na mlango huhamisha kijiji

WAPO wanaodhani kuwa mpaka ni kazi ya wanajeshi na wapima ardhi tu. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni Tanuševci, kijiji kidogo cha Waalbania kilichoko milimani, kaskazini mwa Skopje, mji mkuu wa nchi ambayo tangu mwaka 2019 inaitwa Makedonia Kaskazini.

Enzi za Yugoslavia kijiji hicho kilikuwa Makedonia, lakini soko lake lilikuwa Vitina, upande wa Kosovo, na huko ndiko waliko ndugu na wakwe. Katikati palikuwa na mstari wa kiutawala tu, kama ule wa mkoa na mkoa. Mtu alikwenda sokoni na kurudi bila kuulizwa karatasi.

Makedonia ilipojitenga mwaka 1991, mstari ule ukageuka mpaka wa nchi na nchi. Januari 1992, tume ya wanasheria chini ya Mfaransa Robert Badinter ilisema mipaka ya ndani ya Yugoslavia ndiyo iwe mipaka ya mataifa mapya. Ilitegemea hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya mwaka 1986 kuhusu Burkina Faso na Mali. Ndiyo kanuni ile ile ambayo OAU iliipitisha Cairo mwaka 1964. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.

Siipingi kanuni hiyo, kwani imeepusha vita vingi. Ninachopinga ni kuchora mstari na kusahau mlango.

Februari 23, 2001, Skopje na Belgrade zilitia saini makubaliano ya mpaka. Kosovo ilikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na viongozi wake Waalbania wakalalamika kuwa hawakushirikishwa. Mwezi huo huo wapiganaji wenye silaha walikuwa tayari wamejichimbia Tanuševci, na Serikali ilidai kuwa kijiji ni njia ya silaha. Machi 4 askari watatu wa Makedonia waliuawa karibu na hapo. Wanakijiji wakakimbilia Kosovo.

Mkataba wa Ohrid wa Agosti 13, 2001 ulizima vita. Mwaka 2009 Kosovo na Makedonia zilimaliza kuweka alama za mpaka. Lakini kijijini waliobaki ni wachache.

Siwatetei waliobeba bunduki. Lakini tuwe wakweli: mtu aliyezoea kwenda sokoni kwa njia ya baba yake, ukiifunga njia hiyo bila kumpa nyingine, umemfanya mhalifu kwa usiku mmoja. Ukimwambia auzie Skopje, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ndugu msomaji, wewe uliyerudi kutoka ukimbizini unajua kuwa bati na mlango wa nyumba havitoshi kumrudisha mtu kwao. Anauliza: nitauza wapi, mtoto atasoma wapi, nikiugua nitapita wapi? Nawe mfanyabiashara mdogo unajua kuwa kituo cha kuvukia kikiwa mbali, faida yote huishia kwenye nauli.

Kwa hiyo nashauri kwamba serikali mbili, kabla ya kusimika jiwe la mpaka, ziwaite wanaolala kando yake. Zikubaliane kwanza mahali pa kuvukia, kibali cha wakazi wa mpakani na siku za soko. Huo ndio ujirani mwema. Bila hayo, walinzi watabaki wakilinda nyumba tupu.