Gari Linalokataa Kuwaka Likiwa la Moto

Sajenti mmoja wa polisi alikuwa akisafiri na familia yake kutoka Mbarara kwenda Kampala, mwendo wa kilometa zipatazo 270. Walipofika Kayabwe, pale mstari wa Ikweta unapokatiza barabara, alisimama ili watoto wapate chai. Baada ya robo saa alirudi garini akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka kwa nguvu, lakini injini haikuwaka. Gari lake, Peugeot 504 ya kabureta, lilikuwa na desturi hiyo kwa miezi mitatu. Katika miezi hiyo alikwisha kununua betri mpya, kisha stata mpya, na fedha za stata zilitoka katika akiba ya karo ya mtoto wa kwanza. Kiti cha nyuma alikaa mama yake mzazi, ambaye asubuhi ya siku ya pili alitakiwa kuonwa na daktari huko Mulago.

Fundi aliyeitwa hapo hakuanza kwa kushika spana. Alianza kwa kuuliza: gari hukataa wakati gani? Sajenti alijibu kwamba hukataa linapopenda. Mkewe ndiye aliyetoa jibu la maana. "Tukisimama kununua mkate tu, linawaka. Tukikaa kunywa chai, linakataa, na petroli inanuka. Likilala hadi asubuhi, linawaka mara moja."

Maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko betri na stata kwa pamoja. Injini inapozimwa, feni na pampu ya maji husimama, ilhali chuma kingali na joto jingi. Joto hilo hupanda kwenye vyombo vilivyo juu yake, hata kabureta ikazidi kupata moto kwa dakika kumi hadi ishirini za mwanzo badala ya kupoa. Nayo petroli haingoji nyuzi 100 za sentigredi kama maji. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka zipatapo nyuzi 40 hivi, na katika nchi za milima, kama Kabale, huchemka mapema zaidi kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Petroli ikichemka ndani ya kabureta hufurika kwenye njia ya hewa, na injini hulewa mafuta.

Dereva anayepiga-piga kanyagio la mafuta wakati huo huongeza ulevi huo. Yafaa alikanyage polepole hadi chini, alishikilie hapo hapo, kisha azungushe stata kwa muda usiozidi sekunde kumi. Hewa nyingi itaingia na kukausha mafuta yaliyozidi. Choki isivutwe kabisa.

Gari la sajenti liliwaka kwa njia hiyo. Fundi alipochungulia chini ya kabureta, aliona kwamba kile kipande kinene cha bakelaiti kinachozuia joto la injini hakikuwapo. Mtu aliyeifungua kabureta hapo zamani alirudisha gasketi ya karatasi peke yake.

"Afande, stata yako ilikuwa ikizunguka vizuri tangu mwanzo," alisema fundi. "Kwa nini ulinunua nyingine?"

Swali hilo lawahusu wengi. Gari likikataa, jambo la kwanza ni kusikiliza stata. Ikizunguka kwa nguvu, betri na stata hazina kosa. Ikizunguka kwa uvivu gari likiwa la moto tu, hapo ndipo pa kuchunguza umeme. Shaba hupunguza uwezo wake wa kupitisha umeme inapopata joto: ongezeko la nyuzi 50 huzidisha ukinzani wake kwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo stata iliyochoka, au waya wenye kutu, huweza kufanya kazi asubuhi na kushindwa mchana. Hata hivyo, kabla ya kununua lolote, vichwa vya betri na waya wa ethi visuguliwe mpaka ving'ae. Kazi hiyo huhitaji msasa tu.

Ikiwa stata ni nzima na hakuna harufu ya petroli, moto wa plagi utazamwe. Koili iliyozeeka huweza kutoa moto wa buluu ikiwa baridi na moto hafifu wa manjano ikiwa imepata joto. Kondensa nayo ni hivyo hivyo. Kipimo hiki kifanywe wakati gari linakataa, kwa maana likipoa ugonjwa hujificha. Kisifanywe kamwe mahali penye harufu ya petroli.

Pengine petroli haifiki kabisa, kwa kuwa imegeuka mvuke ndani ya bomba na pampu haiwezi kuivuta. Boneti lifunguliwe, na kitambaa kilicholowa maji kiwekwe juu ya pampu na bomba lake. Bomba linalopita karibu na ekzosi lisogezwe.

Magari mengi ya siku hizi hayana kabureta, lakini nayo hukataa. Aghalabu kosa huwa ni sensa ya kranki inayozimika ikipata joto, au presha ya petroli inayovuja baada ya injini kuzimwa. Katika hali hii ya pili, dereva huweza kufungua swichi bila kuwasha, angoje sekunde tatu, afunge, arudie, ndipo awashe. Likiwaka hivyo, fundi ameshajua pa kuanzia.

Kifuniko cha rejeta kisiguswe maji yakiwa ya moto, hata kama haraka ni kubwa namna gani.

Familia ile iliingia Kampala kabla ya magharibi, na mama alionwa na daktari kama ilivyopangwa. Bakelaiti ilifungwa juma lililofuata. Ile betri ya zamani iliyodhaniwa imekufa sasa yawasha taa nyumbani kwa sajenti.